Mgeni wa Maalim

Maalim alikuwa na ndoo ya udongo kwenye mlango wa jikoni, na nitaanzia hapo kwa sababu hapo ndipo watu wa mtaa wetu wa Small Heath walipoanzia kumcheka, nami nikiwa mstari wa mbele. Ilikuwa ndoo ya mayonezi, ile kubwa ya duka la chipsi, imesuguliwa mpaka karatasi ya jina ikabanduka. Ndani alitia udongo mkavu alioupepeta kwa chekecheke la unga. Pua ya mbwa ikimgusa, alitoka hadi bomba la uani, akajipaka udongo, akasuuza, kisha akarudia kwa maji matupu hadi zikatimia mara saba, akihesabu kwa sauti ili majirani wawe mashahidi. Katika madhehebu yetu mate ya mbwa ni najisi nzito, na hivyo ndivyo inavyotoka: mara saba, moja kwa udongo. Yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha hilo. Halafu akaenda akaleta mbwa nyumbani.

"Sasa mbona umemleta, Maalim?" nilimuuliza.

"Kwani nimewahi kusema ni rahisi?" akanijibu. "Nilisema ni mara saba."

Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Sisi Wasomali tukikutana tunaulizana babu hadi babu wa kumi na tano, na mimi nimechoka na mababu. Inatosha kujua kwamba alikuwa mzee mrefu aliyefiwa na mke, alikulia Garissa, akakaa Uholanzi miaka mingi, akaja kutua Birmingham, na sebule yake iliyo hatua chache kutoka Coventry Road ndiyo ilikuwa madrasa yetu. Tulikuwa watoto kumi na tisa juu ya zulia moja. Wengi tulikuwa Wasomali wa Kenya, kulikuwa na Wakongo watatu, na mapacha wa Kitanzania ambao walijiona wao ndio wenye lugha. Kitu pekee ambacho mama zetu walielewana kwacho ni Kiswahili, basi Maalim alifundisha kwa Kiswahili chake cha Garissa kilichopitia Uholanzi. Wakongo walikicheka, Watanzania walikionea huruma.

Mimi aliniita Redio, kwa sababu alisema sina swichi ya kuzimia. Adhabu yake kwa wasemaji haikuwa kiboko. Nchi hii kiboko ni kesi. Ilikuwa kuandika ukurasa mmoja wa Kiswahili, bila kosa, juu ya jambo lolote. Wenzangu waliandika kurasa mbili tatu tangu wamjue. Mimi nilimaliza madaftari. Kwa hiyo kama unashangaa msichana aliyezaliwa papa hapa anaandikaje hivi, jua tu kwamba nilikuwa na makosa mengi. Na kurasa hizi za leo hakuna aliyeniagiza.

Alipoona karatasi zinaisha na mdomo hauishi, akanipa mkataba. Alivua saa yake ya mkononi, ambayo mkanda wake wa ngozi ulikatika akaufunga kwa uzi mweusi, akaiweka chini kwenye zulia, kati yangu na yeye.

"Redio," akasema, "wewe nipe saa moja ya kimya. Mimi nitakupa dakika moja ya upuuzi."

Tangu siku hiyo, kila tulipomaliza dua ya kufunga, saa iliwekwa chini na mimi nikawa na sekunde sitini zangu. Nilimwigiza imamu aliyeibiwa kiatu kimoja. Niliwaigiza mama zetu wakiagana mlangoni nusu saa nzima huku wamevaa makoti. Nilimwigiza Maalim mwenyewe akizuia chafya katikati ya aya. Hakuwahi kucheka kwa mdomo. Mabega yake ndiyo yaliyocheka. Yalipanda na kushuka chini ya sweta kama mtu anayepita barabara mbovu. Mshale mwembamba ukifika juu, alichukua saa yake na kusema, "Imekwisha. Nendeni kwa mama zenu." Shuleni kwangu nina walimu kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunipa muda wangu halafu akanisikiliza mpaka mwisho.

Mbwa alikuja Jumamosi moja ya baridi. Tulisikia kwanza kucha juu ya vigae vya jikoni, tak, tak, tak, kama bibi mwenye viatu virefu anayetafuta mlango wa kutokea. Shabani, Mkongo wa miaka minane aliyekuwa akikaa ubavuni kwangu, alinipanda mabegani bila kuomba ruhusa.

"Maalim! Kuko nyama mule ndani!" akalia. Kwao mnyama wanamwita nyama, na siku hiyo hakuna aliyemsahihisha.

"Ni mgeni," Maalim akasema bila kuinua macho kwenye kitabu. "Soma."

Jina likabaki hilo, Mgeni. Tulipofunga nilikuwa wa kwanza kwenda kuchungulia. Alikuwa mrefu kufika kiunoni kwangu, rangi ya jivu, kifua kipana, kiuno cha kushikwa kwa viganja viwili, mapaja hayana manyoya. Alikuwa amevaa koti la pinki, kwa maana shirika linalowatafutia makazi mbwa waliostaafu mbio lilibakiwa na la pinki tu. Ana miaka minne na tayari amestaafu! Baba yangu ana hamsini na mbili na bado anaendesha basi.

Nilitegemea abweke. Hakubweka. Alikuja polepole, akageuka, akaniegemeza ubavu kwenye goti na uzito wake wote, kisha akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyetua mzigo.

"Koti lake limelowa," Maalim akasema nyuma yangu, akinyoosha kidole kwenye ndoo. "Mara saba."

Kila kitu alikiwekea mpaka. Mgeni hakukanyaga sebule ya madrasa hata siku moja. Makao yake yalikuwa jikoni na uani. Nyuma ya mlango wa jikoni palikuwa na misumari mitatu yenye nguo za mbwa, yaani nguo za Maalim za kuwa na mbwa: suruali moja, sweta moja, na glavu moja ya njano ya kuoshea vyombo. Chini yake, gambuti. Kamba ya mbwa aliishika kwa mkono wa glavu. Sasa piga picha wewe mwenyewe, Small Heath Park saa nne asubuhi: mzee ana kofia ya swala kichwani, gambuti miguuni, mkono mmoja wa njano, na pembeni yake mnyama mwembamba mwenye koti la pinki anatembea kwa heshima kama bibi harusi. Watu walivuka barabara. Akina mama walikusanya mabuibui yao. Vijana walitoa simu. Mimi baada ya siku mbili nilikuwa nimeshaujua ule mwendo wote, wa mzee na wa mbwa, na dakika yangu ya Jumapili iliyofuata niliigiza wote wawili kwa pamoja. Mabega ya Maalim yalicheka hadi miwani ikamtoka.

Mwenyekiti wa kamati ya msikiti alimsimamisha nje ya bucha. Nilikuwepo, nimebeba mfuko wa mama.

"Maalim, mbwa? Wewe?"

"Huyu ni mbwa wa kuwinda, sheikh wangu. Wa kuwinda ana ruhusa."

"Anawinda nini hapa Coventry Road? Kebabu?"

Maalim akamtazama Mgeni, Mgeni akatazama kebabu.

"Amestaafu," Maalim akasema.

Nilicheka mpaka nikakaa kwenye ukingo wa barabara na nyama yetu mapajani. Mwenyekiti hakucheka.

Maalim alikuwa na maneno yake ambayo hakuyasema kama mafundisho. Yalimtoka tu, akiwa anatafuta miwani au anapanga viatu vyetu mlangoni. Siku moja Shabani alimuuliza kama Mgeni amewahi kukamata sungura. "Hajawahi," Maalim akasema. "Maisha yake alifukuza sungura wa kitambaa, amefungwa kwenye mota. Hakumpata. Na angempata, ni kitambaa." Akageuza kiatu kilicholala kichalichali. "Halafu wakasema yeye ndiye aliyeshindwa." Tukamsubiri aendelee, akatwambia tufungue ukurasa.

Mgeni alikuwa hajawahi kuishi ndani ya nyumba. Kwa miaka yote alilala bandani, anatoka kwenda kukimbia, anarudi bandani. Hakujua kioo ni nini. Aliugonga mlango wa uani kwa uso siku mbili mfululizo na kila mara akamtazama Maalim kama aliyedanganywa. Friji ikianza kunguruma, alisimama wima, anatetemeka. Ngazi tatu za kushukia uani alizitazama kama ghorofa ishirini. Watu wangemsukuma. Maalim alivaa nguo za mbwa, akachuchumaa mbele yake na magoti yake mabovu, akamshusha mguu mmoja mmoja: "Haya, wa kwanza. Haya, wa pili. Rudi, umeruka." Ilikuwa sauti ileile aliyotusomeshea herufi. Nilipomcheka alisema, "Mimi nilipofika Uholanzi niliogopa ngazi za umeme. Nilisimama pale stesheni mpaka watu wote wakapita. Hakuna aliyenirudia kunishika mguu."

Kosa lake kubwa la malezi lilikuwa mbavu. Mbavu za Mgeni zilionekana zote, ungeweza kuzihesabu, na kwetu mgeni akionekana mbavu nyumbani kwako ni aibu yako wewe mwenyeji. Basi Maalim akamlisha. Alimpikia pasta kwa mchuzi wa mbuzi, akamkatia ndizi juu yake kama tunavyokula sisi, jioni akampa maziwa yenye samli. Yale mapaja yasiyo na manyoya aliyapaka mafuta ya ufuta asubuhi na jioni. Baada ya mwezi na nusu Mgeni alikuwa na kitambi kama cha mwenyekiti, ananukia sherehe, hawezi kupanda tena zile ngazi tatu. Daktari wa wanyama alikasirika. Nilikwenda na Maalim siku hiyo, kwa vile alitaka mtu wa kumfasiria Kiingereza cha haraka.

"Anasema mbwa wa mbio lazima mbavu zionekane," nikamwambia. "Anasema ndivyo walivyo. Na anasema mapaja hayo ni ya kawaida, hana ugonjwa."

"Mwambie nimeelewa," Maalim akasema. Tukiwa nje akaongeza, "Mtu mzima, na anashauri mgeni alazwe njaa."

Alimpunguzia, lakini kwa huzuni, na kila alipomwekea kile kibakuli kidogo alimwomba radhi.

Alikuwa mpole, lakini sitaki umfanye malaika. Alikuwa na kisirani kabla ya chai. Aliwapendelea wenye sauti nzuri, na sisi wenye sauti ya pikipiki alitupitisha haraka. Watanzania aliwanunia mwaka mzima kwa kumsahihishia ngeli. Na jambo hili nalisema taratibu: alituambia kila wiki kwamba hawezi kumvumilia mwongo, na yeye alikuwa mwongo.

Uongo wake ulikuwa kazi. Asubuhi kadhaa kwa wiki alitoka na jaketi la kijani, na ukimuuliza, alikuwa anakwenda ghalani Nechells. Nechells imejaa maghala. Hakuna anayeuliza la nani. Mama zetu walimhurumia, mzee wa umri ule kubeba maboksi. Kumbe alikuwa anafagia uwanja wa mbio za mbwa, upande mwingine wa jiji, mahali ambapo watu huenda kucheza kamari. Kazi aliyopewa na wakala ilikuwa hiyo, na kwa magoti yale na miaka ile hakupewa nyingine. Majira ya baridi yale uwanja ulifungwa, mbwa wakatafutiwa nyumba. Mmoja wao akaja na koti la pinki.

Hakuna aliyeyajua hayo. Mimi ndiye niliyeyaleta hadharani.

Ilikuwa hivi. Jumamosi moja nilitumwa jikoni kuchukua maji. Mgeni alikuwa amelala chali kwenye godoro lake, miguu minne juu, sikio moja limegeuka ndani nje. Ndani ya sikio nikaona herufi za wino wa kijani, zimechanjwa. Wenzangu wote walikuwa wanamwogopa. Mimi nilikuwa rafiki yake, nilimshika sikio naye akalala tu, akagonganisha meno kidogo kama afanyavyo akifurahi. Nikapiga picha. Nikaenda bombani, nikaosha mara saba, kwa sauti, mtoto mzuri kabisa.

Nyumbani nilizitafuta zile herufi kwenye simu. Dakika tano zilitosha. Jina lake la mbio likatoka, refu kama la kampuni ya bima, na uwanja wake, na mbio zake. Alikuwa amekimbia mara nyingi na mara nyingi alikuwa wa mwisho. Nilicheka peke yangu kitandani. Halafu nikatengeneza picha: Mgeni na koti lake la pinki, nikamvika kofia ya swala, nikaandika chini: "Mwanafunzi mpya wa Maalim. Amehitimu Chuo Kikuu cha Kamari." Na jina la uwanja, ili ionekane nimefanya utafiti. Nikaituma kwenye kundi letu la simu, sisi wakubwa wa madrasa, watu kumi na mmoja.

Naapa nilikuwa namtania mbwa. Ile kazi ya Maalim sikuijua.

Kabla ya swala ya magharibi picha ilikuwa imefika kwenye kundi la akina mama. Baba mmoja ambaye ni dereva wa teksi akasoma jina la uwanja, akakumbuka kitu. Akasema aliwahi kushusha abiria pale asubuhi, akamwona mzee wa jaketi la kijani anatoka na ufagio, na alijisemea siku zote kwamba amemfananisha. Sasa alikuwa na uhakika. Sebuleni kwetu simu ya mama ililia mpaka ikapata joto.

"Miaka yote anakula kutoka kwenye kamari," mama akasema, "halafu anashika mas'hafu na watoto wetu."

"Alikuwa anafagia tu, hooyo," nikamjibu mama.

"Kwa nini basi alificha?" Kisha akanigeukia. "Na nani ametengeneza picha hii?"

"Sijui," nikasema. "Watoto wa siku hizi."

Jumatatu kwenye zulia walibaki wanne. Mimi sikuwa mmoja wao; mama alinitoa. Shabani alikuwepo, kwa sababu mama yake alikuwa kazini kwenye nyumba ya wazee na simu yake ilizima chaji. Ndiye aliyenisimulia. Alisema Maalim aliwafundisha wanne kama kumi na tisa, kwa sauti ileile, na mwisho akavua saa, akaiweka chini, akaitazama. Akaivaa tena.

Kamati ilimwita. Mwenyekiti alimwambia aondoe mbwa, watu wapoe, watoto watarudi. Labda aliamini. Tatizo halikuwa mbwa tena, kila mama alilijua hilo, lakini mbwa ndiye aliyekuwa na miguu ya kuondoka nayo.

Hapa sasa. Nimekaa na kalamu hii muda mrefu kuliko sehemu yoyote.

Jumatano baada ya shule, Maalim alinipigia simu. Hakuwahi kunipigia kabla. Nilidhani amejua.

"Redio," akasema, "nyinyi mna bustani?"

"Ndiyo, Maalim."

"Imezungushiwa ua?"

"Ndiyo."

"Huyu Mgeni anakujua wewe. Wengine watamwogopa, naye atawaogopa. Muulize mama yako kama mtaweza kukaa naye. Chakula nitaleta mimi. Ndoo pia nitaleta. Sitaki jibu sasa, muulize taratibu, akiwa amekula."

Nikasema nitamuuliza. Mama alikuwa jikoni, hatua tisa kutoka nilipokaa, anakaanga sambusa, anaimba kidogo. Amekula. Ningemuuliza, angeuliza kwa nini Maalim anakupigia wewe, kwa nini mbwa anakujua wewe, ulimshika wapi, sikio gani, picha gani. Niliona njia yote mpaka mwisho. Nikakaa kitandani nikasubiri nusu saa, ili ionekane nimeuliza, kisha nikampigia.

"Mama amekataa, Maalim."

"Haya," akasema. "Mwambie asante kwa kufikiria."

Ijumaa gari la lile shirika la mbwa lilikuja. Mtaa wote uliliona. Wanasema Mgeni alishuka zile ngazi tatu mwenyewe, bila kushikwa, na Maalim akamvalisha lile koti la pinki ingawa jua lilikuwa linawaka. Ile wiki iliyofuata hakuna mtoto aliyerudi. Wala iliyofuata. Yule mama wa Shabani naye akapata chaji.

Miezi ikapita. Nilifanya mitihani. Niliendelea kuwa Redio shuleni, nilimwigiza mwalimu wa kemia, watu walianguka chini. Lakini kila walipocheka nilikuwa natafuta mabega.

Nilisikia ameacha ile nyumba, amepewa chumba kwenye ghorofa la Nechells. Wiki mbili zilizopita nikapanda basi, Jumapili mchana, sikumwambia mtu. Kile kitu alichotudanganya miaka yote kikawa kweli: Maalim yuko Nechells. Kutoka dirishani kwake maghala yanaonekana, mabati matupu hadi mwisho.

Alifungua mlango. Amepungua. Mbavu zake sikuziona lakini sweta lilikuwa linaning'inia juu ya kitu chembamba.

"Redio," akasema. "Ingia. Vua viatu."

Nyuma ya mlango, ghorofa ya sita, pasipo uani wala bomba wala mbwa, ndoo ya udongo ilikuwa pale. Glavu ya njano imelazwa juu yake.

Alitia chai, tangawizi na iliki, akasahau sukari. Tukakaa kwenye meza ndogo. Aliniuliza nimefika wapi katika kusoma, nikasema palepale aliponiachia. Akatikisa kichwa kana kwamba nimetaja hali ya hewa.

"Mgeni yuko wapi?" nikauliza.

"Stechford. Kwa mzee mmoja na mkewe, Waingereza. Wana bustani, wana kochi, analala kwenye kochi. Nilikwenda kumwona mara moja. Wamempa jina lingine."

"Alikujua?"

"Aliniegemea." Akakoroga ile chai isiyo na sukari. "Lakini yeye anamwegemea kila mtu. Ndivyo alivyo."

Nikasema. Sikujua ninaanza vipi kwa hiyo nikaanzia kwenye sikio, nikaja kwenye picha, nikamwambia ile kofia, yale maneno, kila kitu ni mimi. Nilisema haraka, kama aya niliyokariri bila kuelewa.

"Hilo nilijua," Maalim akasema. "Nilijua siku ileile. Nani mwingine angemgeuza Mgeni sikio? Na kofia ulimvisha upande. Wewe kila kitu chako upande." Akanywa kidogo. "Ilichekesha kidogo. Ile ya kuhitimu."

Nilidhani ndiyo imekwisha. Nilikuwa nimeshaanza kupumua.

"Nilikutana na mama yako," akasema. "Pale bucha, kabla sijahama. Alitaka kupita, nikamsalimia. Nikamwambia, mama, asante kwa kufikiria ile habari ya mbwa, najua si jambo dogo. Akaniuliza, mbwa gani? Habari gani?"

Maji yalikuwa yanachuruzika mahali fulani kwenye kuta, kwa jirani wa juu.

"Alisimama pale na mfuko wake," akasema. "Akasema, Maalim, mimi sikuulizwa. Akafikiri. Akasema, ungeniuliza mwenyewe, bustani si ipo tu."

Nyumbani mama hakuwahi kunitajia. Maalim naye hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira. Angenipa ukurasa mmoja, kurasa mia, ningekaa palepale nikaandika.

Badala yake alivua saa. Uzi ulikuwa uleule mweusi. Aliiweka juu ya meza, kati ya vikombe viwili, akaigeuza ili nione vizuri.

"Haya," akasema. "Dakika yako."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nayo mengi. Kulikuwa na lifti yao iliyosimama ghorofa ya nne ikafikiri. Kulikuwa na mwalimu wa kemia. Mshale mwembamba ulikuwa umeshaanza kuzunguka, nami nikamtazama mabegani, yametulia, yananisubiri. Ukapita chini. Ukaanza kupanda. Mdomo wangu ulikuwa bado wazi. Ulipofika juu alinyoosha mkono akachukua saa, akahangaika na ule uzi kwa vidole vya mkono mmoja mpaka ukafunga.

"Imekwisha," akasema. "Nenda kwa mama yako."